Daftari la Siku za Mvua

Karani wa mahakama alikuwa mtu wa kuzungumza na vitu. Alipolitoa daftari kabatini alilipangusa kwa kiganja, akaliambia, "Haya, umepata mgeni," ndipo akaliweka mezani mbele ya Inspekta.

"Dakika arobaini," akasema. "Usilikunje, wala usilambe kidole kufungua kurasa. Na hiyo penseli iliyo sikioni ibaki hapo hapo ilipo."

Inspekta alicheka. Penseli ile ilikuwa imekaa kwenye sikio lake la kulia kwa miaka ishirini na miwili, na wenzake makao makuu walimtania kwamba siku atakayokufa itabidi waichomoe kwanza ndipo waseme amepumzika.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kesho yake, saa tatu kama hizo, jaji angesema kama mkuu wa kituo na makonstebo wake wawili wana kesi ya kujibu, au washuke kizimbani wakavae kofia zao warudi kazini. Walishtakiwa kwa kuwaua watu wawili: fundi baiskeli, aliyepigwa risasi akiwa ameinamia gurudumu, na muuguzi, aliyekuwa kwenye kigoda akisubiri gurudumu hilo lizibwe pancha. Hawakukana kupiga risasi. Walisema kituo kilipigiwa simu kuwa majambazi wenye bunduki wamejificha ndani ya banda lile, wakaenda kama askari yeyote angekwenda. Na simu hiyo ilikuwa imeandikwa katika daftari la matukio la kituo, ukurasa wa mia moja na kumi na saba, saa tisa na dakika kumi alasiri. Ngao yao ilikuwa ni hiyo karatasi moja.

Inspekta alikuwa na faili lile kwa siku kumi na mbili tu, tangu mpelelezi wa kwanza ahamishwe ghafla. Siku zote hizo alifukuza upepo. Kampuni ya simu ilisema kumbukumbu za miaka miwili iliyopita zimeshafutwa. Mtaalamu wa maandishi alisema mwandiko ni wa sajenti wa kaunta, herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Na huyo Sajenti, ambaye sasa amestaafu, aliwahi kuhojiwa akatoa maelezo ya maneno matatu: *Mwandiko ni wangu.* Daftari lenyewe Inspekta hakuwahi kulitia machoni. Alichopewa ni nakala za mashine, rundo la karatasi zenye weusi ule ule kila mahali.

Aliweka mkono juu ya jalada, na mkono ukasahau kazi iliyouleta.

Jalada lilivikwa karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa kwa adabu kama daftari la mtoto wa shule siku ya kwanza ya muhula. Ubavuni lilishonwa kwa uzi wa fundi viatu uliopakwa nta. Aliujua ule uzi. Kituo kile ndicho kilikuwa kituo chake cha kwanza, na Sajenti ndiye aliyemfundisha kazi. Madaftari ya serikali yalikuja yamebanwa kwa pini mbili zinazoshika kutu. Jumapili mchana, kaunta ikiwa tulivu, Sajenti angezing'oa pini, ashone upya kwa sindano, kisha ayavike kaki kwa gundi ya unga aliyoikoroga mwenyewe kwenye kikombe cha bati. "Daftari ni kama bibi harusi," alizoea kusema. "Ukimvika ovyo, kila mtu ataona ruhusa ya kumchezea."

Jalada la nyuma lilikuwa nene kidogo kuliko la mbele. *Mzee alikuwa ameanza kuchoka*, aliwaza Inspekta. *Gundi ilimzidi mkono.*

Akafungua.

Ukurasa wa tisini na nane ulikuwa umeandikwa kwa penseli. Pembeni, kwa wino, neno moja: MVUA, na sahihi ya Sajenti chini yake.

Inspekta alitabasamu peke yake, hata karani akainua macho kuona kulikoni. Paa la kituo lilivuja juu ya kaunta hasa, kana kwamba lilichagua. Mvua ikinyesha, karatasi hunywa unyevunyevu, na kalamu ya wino huteleza juu yake bila kuacha kitu. Penseli haijali. Kanuni zilikataza penseli kwenye daftari la matukio, kwa kuwa hufutika. Lakini kanuni zilitungwa na watu wenye paa zima. Basi Sajenti akaweka utaratibu wake: siku ya mvua andika kwa penseli, karatasi ikikauka weka neno MVUA kwa wino na sahihi, ili kila mtu ajue ni mbingu iliyoagiza.

Aliendelea kufunua. Mia moja na nne, penseli. Mia moja na tano, penseli. Kwenye nakala za mashine hakuna lililoonekana. Penseli na wino vyote vilitoka weusi mmoja. Akafika mia moja na kumi na saba.

Wino. Buluu, mkavu, ulionyooka mbele na nyuma ya karatasi.

Inspekta akageukia sanduku la vielelezo lililokuwa kando ya meza. "Vitu vya muuguzi ni vipi hapo?"

Karani alifuata orodha kwa kidole. "Kielelezo namba nane, mkoba. Tisa, viatu jozi moja. Kumi, mwavuli mmoja mweusi, ulikutwa umefunguliwa kando ya kigoda."

"Umefunguliwa."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Ila mwavuli, afande, ni wa jua pia. Mke wangu hatoki bila wake, na hajawahi kulowa tangu tuoane."

*

Mjane wa fundi alikuwa kwenye benchi la korido, mahali pale pale alipokaa kila siku ya kesi, chupa ya chai miguuni. Hakuna aliyemwita siku ile, lakini alikuwa amekuja.

"Dada," Inspekta alikaa karibu naye, "siku ile kulikuwa na mvua?"

Mjane alimgeukia. "Leo ndiyo mnauliza? Wakili wao aliniuliza niliolewa mwaka gani. Akaniuliza kama mume wangu alikuwa mlevi. Habari za mvua hakuna aliyezitaka."

"Nazitaka mimi."

"Ilianza alfajiri, na tulilala ikinyesha. Alipotoka kwenda kituoni alijifunika mfuko wa mbolea kichwani, ule wa plastiki. Nikamcheka. Nikamwambia, wewe leo unafanana na mzigo uliosahauliwa stendi. Akacheka hadi akakohoa." Alizungusha kifuniko cha chupa, akakifunga tena. "Akaenda kuwashtaki wale vijana wa polisi wawili. Walimpiga jirani yetu muuza mkaa mbele yake hadi akazimia. Nikamwambia achana nao. Akasema, nikinyamaza leo, kesho nitaogopa hata filimbi ya mlinzi."

Inspekta aliyajua haya. Yalikuwa kwenye mwenendo wa kesi, ukurasa kwa ukurasa, na alijua pia yalivyojibiwa. Wakili wa utetezi alisimama, akainua daftari juu kama mhubiri, akasema: shahidi anadai mumewe alikwenda kituoni asubuhi ile, daftari la serikali linasema hakuna fundi yeyote aliyefika. Mheshimiwa Jaji, mmoja kati ya hawa wawili ni mwongo, na karatasi haina sababu ya kusema uongo.

"Watoto wangu walikuwa wamekaa pale," mjane akasema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Waachiwe, wasiachiwe, kuna Mungu. Lakini lile neno *mwongo*, Inspekta, natembea nalo hadi sokoni. Nataka mtu anivue."

*

Kituo kilikuwa kimepakwa rangi mpya, na kwa Inspekta ilikuwa kama kumkuta jamaa wa zamani amenyoa ndevu. Benchi la walalamikaji lilikuwa lile lile, lenye kijishimo katikati kilichochongwa na makalio ya miaka mingi. Akatazama juu: mabati mapya. Akatazama chini: kwenye saruji, mbele ya kaunta, kulikuwa bado na duara la kutu la ndoo.

Alijiona hapo, ana miaka ishirini na mmoja, sare imempwaya, matone yakigonga ndoo na Sajenti akimsomea somo la kwanza. *Andika amevaa nini, binti. Watu hubadili majina, hubadili na maneno. Alivyovaa alipoingia humu, hawezi kurudi kubadili.* Alikosea mara nyingi sana mwezi ule, akaomba kifutio mara nyingi zaidi, hata Sajenti akampa jina, na jina likamganda. Kituo kizima kilimwita Kifutio.

"Karibu, afande," alisema konstebo wa kaunta, kijana mcheshi mwenye tumbo la mtu mzima. "Umekuja kutukagua au kutuhurumia?"

"Vyote. Mabati haya yaliwekwa lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya hapo, afande, tulikuwa tukioga kazini. Wenye bidii walikuja na sabuni."

"Na penseli?"

Kijana alishusha sauti. "Penseli alizikataza mkuu. Huyu aliye kizimbani. Alikuja hapa mgeni, akaona penseli, akawaka. Alitoa amri kwa maandishi kabisa. Ngoja."

Akaleta faili la amri za kituo, akalifungua mahali penye alama ya kikombe cha chai. *Kuanzia leo ni marufuku kutumia penseli katika daftari lolote la kituo hiki.* Inspekta alisoma tarehe, na matumaini yakamshuka hadi magotini. Amri ilitolewa siku nne kabla ya mauaji.

Basi huenda Sajenti alitii. Huenda siku ile aliukausha ukurasa kwa kitambaa, akaandika kwa wino kama alivyoamriwa, na yeye Inspekta alikuwa amejenga nyumba juu ya mwavuli wa mtu. Wakili wa utetezi angeinua amri hii kesho na ukumbi mzima ungecheka.

Akatoa kijitabu chake, akashusha penseli sikioni, akapitia alichonakili asubuhi, kwa kalamu ya karani, kabla dakika arobaini hazijaisha. Kurasa za penseli: tisini na nane, mia moja na nne, mia moja na tano. Mia moja na ishirini na moja. Mia moja na ishirini na sita.

Akarudia mbili za mwisho. Zilikuwa baada ya amri. Zilikuwa hata baada ya mauaji.

"Sajenti aliitii hii amri?" akauliza.

Konstebo alikenua meno. "Aliisoma, akasema ndiyo afande, akaibandika ukutani kwa gundi yake mwenyewe. Mvua iliyofuata akachonga penseli. Nikamwambia, mzee, amri. Akaniambia, amri inawazuia askari, mvua ni raia."

Kwa hiyo kabla ya siku ile mvua ilikuwa penseli, na baada ya siku ile mvua ilikuwa penseli. Siku moja tu ya mvua katika daftari zima ilikuwa wino.

"Nionyeshe stoo. Madaftari mapya, ya chapa ile ile."

Yalikuwa matano ndani ya boksi, kurasa tupu zilizopigwa namba na mchapaji. Inspekta alichuchumaa sakafuni, akayahesabu karatasi kwa karatasi. La kwanza zima. La pili zima. La tatu lilikuwa limeng'olewa pini zake, na alipofika mia moja na kumi na sita, namba iliyofuata ilikuwa mia moja na kumi na tisa.

"Hilo tuliliona," konstebo alisema. "Tukadhani panya."

"Panya wa hapa wanasoma namba?"

Ucheshi ulimtoka kijana kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. "Afande," akasema polepole, "hapa aliyekuwa akishona madaftari ni mtu mmoja tu."

"Najua," Inspekta akajibu.

Akapanda gari kwenda kwa Sajenti.

*

Sajenti alikuwa kibarazani, miwani puani, akishona kitabu cha hesabu cha shule. Vingine kama kumi vilikuwa pembeni yake, vimechanika, vinasubiri zamu. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini sindano ilipopita karatasini ilitulia, kama farasi anayejua njia ya nyumbani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Kifutio." Hakuinua kichwa. "Umenenepa. Makao makuu wanawalisha."

"Wanatukalisha tu, mzee."

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono, akamkumbatia Inspekta, akamuuliza habari za watoto, akamlaumu kwa miaka aliyopotea. Kisha akazitazama nyuso mbili zile, akavuta kiti, akakaa. Hakwenda tena jikoni.

"Siku kumi na mbili una faili," Sajenti alisema. "Nilisikia. Nikasema atakuja kesho. Nikasema atakuja kesho kutwa."

"Nilipewa nakala za mashine."

Hapo ndipo sindano iliposimama. "Nakala?"

"Penseli na wino hutoka sawa, mzee. Daftari nimeliona leo asubuhi."

Sajenti alivua miwani. Akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Miaka miwili. Mimi nawaza, wanafunzi wote wale niliowafundisha, hakuna hata mmoja mwenye macho? Kumbe mashine." Akatikisa kichwa. "Haya. Uliza kama nilivyokufundisha."

"Siku ya mauaji mvua ilinyesha?"

"Kutwa."

"Kaunta ililowa?"

"Ndoo nilimwaga mara saba."

"Ukurasa wa mia moja na kumi na saba umeandikwa kwa wino. Mwandiko ni wa nani?"

"Mwandiko ni wangu. Nilishasema. Yule mwenzako aliniuliza kama mwandiko ni wangu, akafunga kijitabu, akaondoka. Hakuniuliza niliandika lini."

"Uliandika lini?"

"Kesho yake. Saa moja asubuhi, jua linawaka." Alikunja mikono mapajani. "Mkuu aliingia, akafunga mlango. Akaiweka bastola juu ya kaunta, hivi, kama mtu anavyoweka funguo akifika nyumbani. Hakunitisha hata kwa neno. Akasema, jana alasiri kulipigwa simu, wewe ulisahau kuiandika. Na kuna mtu wa asubuhi uliyemwandika kimakosa. Tengeneza ukurasa vizuri. Nikamuuliza, kwa kalamu gani, afande? Akaniambia kalamu ni kalamu."

"Ukaandika."

"Nikaandika. Nilibakiza wiki tatu nistaafu, Kifutio. Mtu hajui ukubwa wa woga wake hadi abakize wiki tatu."

Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa. Inspekta alitaka kumshika mzee mkono. Badala yake akauliza swali lililofuata, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na mzee huyo huyo.

"Ungeweza kuandika kwa penseli, ukaweka neno MVUA. Hakuna ambaye angegundua maisha yake yote."

"Ndiyo."

"Ulisahau?"

Sajenti alimtazama kana kwamba amemwona anaomba kifutio tena. "Nimewahi kusahau mimi? Mkono ulishashika penseli. Nikairudisha. Nikasema, huyu mtu mgeni, hajui nyumba hii inavyovuja. Atakayejua ni aliyewahi kumwaga ndoo. Ulikuwa ushujaa wa mtoto, najua. Kumwandikia mtu barua na kuificha. Mwanamume angesema hapana."

"Na ukurasa wa kwanza?"

"Aliniambia niuchome. Nikaenda nyuma ya kituo, nikachoma gazeti, nikamwonyesha majivu. Majivu hayana mwandiko."

"Uko wapi?"

"Mahakamani."

"Mzee."

"Uko mahakamani, nakwambia. Tangu siku ya kwanza ya kesi. Uko mezani pa jaji." Alichukua kitabu cha hesabu, akakigeuza, akapiga jalada la nyuma kwa ukucha. "Mimi hujaza gundi kiasi gani, wewe? Nilikufundisha. Utando tu. Ukiona jalada langu nene, ujue halijanenepa kwa gundi."

Kiganja cha Inspekta kilikumbuka kabla ya kichwa. Asubuhi ile ile alikuwa ameweka mkono juu yake.

"Umeandikwa nini?" aliuliza.

Sajenti alifumba macho. Hakuhitaji karatasi. "Namba sita. Saa tatu na dakika hamsini asubuhi. Amefika kituoni fundi baiskeli. Amevaa suruali ya kijivu na shati la mistari lililolowa, amejifunika kichwani mfuko wa mbolea wa plastiki. Analalamika kuwa makonstebo wawili wa kituo hiki wamempiga muuza mkaa hadi kuzimia, naye ameshuhudia. Ameonywa na mkuu wa kituo aende nyumbani anyamaze. Amekataa." Akafumbua macho. "Namba kumi na moja. Saa tisa kasorobo. Mkuu wa kituo ametoka na makonstebo hao wawili, bunduki mbili na bastola moja. Waendako hawakusema. Simu haijalia tangu asubuhi."

Mfuko wa mbolea. Inspekta aligeuza uso kidogo kuelekea barabarani, hadi macho yalipokuwa tayari kurudi kazini.

Alimpigia simu mwendesha mashtaka. "Waambie mahakama daftari lifungiwe kwenye sanduku la chuma sasa hivi, mbele ya mawakili wa pande zote. Lisifunguliwe na mtu. Kesho tutaomba jalada la nyuma lichanwe mbele ya jaji." Akasikiliza. "Nina shahidi. Ndiyo, aliyeandika mwenyewe." Akasikiliza tena. "Na yule mama wa kwenye benchi la korido, mwambie kesho asikae korido. Mtafutie nafasi mbele. Yeye na watoto."

Alipokata simu, wote watatu walijua kilichobaki.

"Watanishtaki na mimi," Sajenti alisema.

"Watakushtaki, mzee. Kughushi. Nitasema yote uliyoyafanya, mabaya na mazuri. Lakini watakushtaki."

Sajenti alimgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Miaka miwili nasikia," mkewe alijibu. "Kila mvua unaamka unakaa kitandani unasikiliza mabati, na bati letu halivuji. Unadhani mimi nimelala? Mwambie, baba. Uje ulale."

Sajenti alivaa miwani yake, akafunga kifungo cha juu cha shati, akanyoosha mgongo. Kwa kitambo kidogo kibaraza kile kikawa na kaunta, na benchi lenye kijishimo.

"Fanya kazi yako," akasema.

Inspekta alisimama wima. "Unaonywa kwamba si lazima useme jambo lolote, lakini lolote utakalosema litaandikwa, na laweza kutumika..."

"Umeruka."

"Mzee?"

"Umeanzia katikati. Kwanza jina lako na cheo chako, mtu ajue anaonywa na nani. Rudia."

Akarudia, tangu mwanzo, polepole, bila kuruka. Sajenti aliitikia kwa kichwa kila mwisho wa sentensi, midomo ikimfuata. Kisha Inspekta akakaa, akafungua ukurasa mpya, akaangalia tarehe na saa, na mkono wake ukapanda sikioni wenyewe, kama ulivyopanda kwa miaka ishirini na miwili.

"Iache hiyo, Kifutio," Sajenti alisema. "Andika kwa wino. Leo hakuna mvua."